Pikipiki ya Baba Mkwe Yapanda Tela

Jumatatu, tarehe 3 Agosti

Siku ya sitini na moja bila mke. Nimehesabu kwa kalenda ya ukutani. Kwa moyo ni miaka. Aliondoka mwezi Juni na begi moja kwenda kumuuguza baba yake huko milimani. Wiki iliyopita akaagiza na viatu vyake vya mvua. Mtu anayeagiza viatu vya mvua hana haraka ya kurudi. Nimekula mayai asubuhi, nimekula mayai mchana, na sasa hivi natazamana na yai.

Amepiga simu jioni. Habari mbili. Ya kwanza, baba mkwe atapasuliwa jicho Jumanne ijayo. La kulia lilikwisha kuzima. La kushoto linaona kama mtu anayechungulia dirisha lenye mvuke, na ndilo hilo litakalopasuliwa. Daktari hakuahidi kitu. Ya pili, mzee ameomba jambo moja tu kabla ya siku hiyo. Anataka kuiona pikipiki yake.

Pikipiki iko kwangu, kwenye kibanda cha nyuma. Mzee alikuwa bwana mifugo. Miaka ishirini na tisa aliiendesha kwenda kuzalisha ng'ombe wa watu, mvua, jua, tope. Nyekundu. Haijawahi kulala nje hata siku moja. Macho yalipomshinda aliniachia ufunguo na neno moja: usiipande.

Mke akasema kaka yake ataileta kwa pikapu. Shemeji huyo anaishi mtaa wa pili kutoka hapa, na kazi yake ni mkaguzi wa magari. Anakagua hata chai kabla ya kuinywa. Hapo ulimi ukaniponza. Nikasema asisumbuliwe mtu, mimi nina tela.

Akauliza, tela lipi. Nikasema utaliona.

Sina tela. Lakini nimekwisha kuona picha yote: mimi nawasili, pikipiki inang'aa, mzee anafuta machozi, mke anakwenda kuchukua begi lake. Nikibebewa na shemeji, mke atarudi na nani? Atarudi na viatu vya mvua peke yake.

Nimekula lile yai.

Jumanne, tarehe 4 Agosti

Tela limepatikana. Lilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga, kuku wanalalia. Magurudumu mawili, moja lina upepo. Mwenye mashine amekubali kuniazima kwa sharti kwamba nimchoree bango jipya. Hiyo ndiyo kazi yangu, kuchora mabango, na hata wasionipenda wanakiri kwamba herufi zangu zimesimama wima kuliko mimi mwenyewe.

Akauliza nabeba nini. Nikamwambia. Akakuna kidevu. Akasema tela lile limezoea magunia, na gunia ukiliweka limekaa, lakini pikipiki ni kama ng'ombe, lazima uifunge huku inakutazama. Nikamshukuru. Mtu wa unga ana ushauri wa unga.

Njiani nikilivuta kwa mkono nikapata wazo. Kwa nini nibebe pikipiki moja? Mji huu umejaa pikipiki. Watu wanahama, wanauza, wananunua, wanaharibikiwa porini. Nani anawabebea? Hakuna. Nimekaa miaka kumi na nane naandikia wenzangu majina ya biashara, na mimi sina hata moja.

Nimeshinda nikichora ubao wa nyuma wa tela. SAFIRI SALAMA. Chini yake, TUNABEBA PIKIPIKI KWA UANGALIFU. Njano juu ya buluu, kivuli cheusi kwenye kila herufi, na namba yangu ya simu. Sijawahi kuchora kitu kizuri hivi. Nilisimama ng'ambo ya barabara kukitazama.

Gurudumu bado halijajazwa upepo. Kila jambo kwa wakati wake.

Alhamisi, tarehe 6 Agosti

Nina maumivu ya mbavu. Naandika nikiwa nimelala chali.

Gari langu lilikuwa kwa Cheche, fundi wa kuchomelea, anayelifungia ndoano ya kuvutia tela. Nikaona nisipoteze siku. Nikafanya mazoezi ya kupakia bila gari. Tela uani, mbao mbili za kabati la vyombo kama ngazi, pikipiki ikatoka kibandani. Mzee alikataza nisiipande. Lakini kuipandisha ubao si kuipanda. Nikawasha, nikapanda.

Naeleza ilivyokuwa ili iwe kumbukumbu. Tela lisiloshikwa na gari ni pembea. Gurudumu la mbele lilipoingia, nyuma ya tela ikashuka na pua yake ikainuka juu kama punda aliyekataa kwenda. Nikaona nikirudi nyuma nitaanguka. Nikaongeza mafuta. Nikavuka katikati, pua ikarudi chini kwa kishindo, na mimi na pikipiki tukaendelea na safari mpaka mbele, tukashukia upande ambao haukuwa na ngazi.

Tanki halina mkwaruzo. Nililipokea kwa kifua.

Mwalimu mkuu mstaafu, jirani yangu, alikuwa kwenye ua wake akimwagilia maua. Akasubiri vumbi litue, kisha akauliza kwa upole kama nahitaji msaada au ndivyo inavyofanywa. Nikamjibu nikiwa chini kwamba ndivyo inavyofanywa.

Cheche alipoleta gari akanikuta bado nimekaa. Akainua pikipiki, akanipa hotuba. Alisema kwanza unafunga tela kwenye gari, ndipo unapakia. Alisema unapakia injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja anasukuma, wa pili anashika. Gurudumu la mbele liegemee kizuizi. Mikanda minne: miwili inavuta usukani mbele na chini mpaka springi zibonyee, miwili inashika nyuma. Usiiegemeze kwenye stendi ya pembeni. Funga koki ya mafuta. Ukishaenda kilomita kumi, simama ukague, kwa sababu mkanda hulegea.

Mtu mzuri, lakini ana woga. Mikanda minne! Maiti huzikwa na kamba chache zaidi.

Ijumaa, tarehe 7 Agosti

Nilijua atakuja. Saa kumi na moja jioni shemeji amesimama uani na kalamu sikioni. Hakusalimu tela. Alilizunguka mara mbili, akachuchumaa, akagonga matairi, akavuta ndoano, akasoma ubao wa nyuma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayesoma mashtaka.

Akauliza taa za nyuma za tela ziko wapi. Nikamwambia tutasafiri mchana.

Akauliza mnyororo wa usalama, ndoano ikichomoka. Nikamwambia ndoano ya Cheche haichomoki.

Akauliza pikipiki nitaifunga kwa kitu gani. Nikamwonyesha kamba yangu. Kamba ya kuanikia nguo, imara, imebeba mablanketi yaliyolowa miaka sita. Na mapazia mawili ya sebuleni ya kukinga rangi ya tanki isikwaruzwe. Mapazia alishona mke wangu. Nilidhani angeguswa na hilo.

Hakuguswa. Alikwenda kwenye pikapu yake akarudi na mikanda minne mipya ya kufungia mizigo, yenye vyuma vya kukazia, bado imo kwenye mfuko wake. Akanipa. Akasema, "Shemeji, ile si mali yangu wala yako. Ni ya mzee. Tumia hii."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Hiyo ndiyo iliyoniudhi. Angefoka, ningeitumia. Nikashukuru kwa mikono miwili. Alipoondoka nikauweka mfuko chini ya kiti cha dereva, bila kuufungua. Nikifika na mikanda yake, ni yeye aliyeileta pikipiki.

Nimefunga mwenyewe, kwa kamba. Mafundo kumi na saba. Pikipiki imekaa kwenye stendi ya pembeni, ambayo waliotengeneza pikipiki waliiweka kwa kazi hiyohiyo. Nimeitikisa kidogo. Haikuanguka.

Jumamosi, tarehe 8 Agosti

Naandika nikiwa nimekalia jiwe la kilomita ya tisini na nne. Niko nusu ya njia. Sioni sababu ya kufika.

Tuliondoka saa sita mchana. Shangazi wa mke wangu, dada wa mzee, aliomba lifti akawe naye hospitali. Ni mkunga mstaafu. Amepokea watoto wasiohesabika na hajawahi kupaza sauti mbele ya jambo lolote. Kiti cha mbele kinamtia kichefuchefu, hivyo alikaa nyuma, kiubavu, anatazama tulikotoka.

Mambo yalikwenda vizuri. Watu walisoma ubao. Mwendesha baiskeli mmoja alinipungia. Lakini kuanzia kilomita ya thelathini kulikuwa na gari nyuma, mbali, linaniwashia taa. Washa, zima, washa, zima. Nikasema huyu ana haraka na anataka kunionyesha gari lake. Nikaongeza mwendo. Naye akaongeza.

"Mkwe," Shangazi akasema, "pikipiki inainama."

Nikamwambia ni barabara inayoinama, tuko kwenye kona.

Baada ya muda akasema kona imekwisha, bado inainama. Nikamweleza kwamba mzigo ni kama abiria, hujitafutia mahali pake, ukishapata utatulia.

"Mapazia yamefunguka," akasema. "Yanapepea vizuri."

Tulikuwa tunapanda kilima.

"Mkwe, sasa imelala."

"Iache ipumzike, Shangazi. Tukifika juu nitasimama."

Alinyamaza. Nadhani alikuwa anafikiri namna ya kunipa habari bila kunishtua, jinsi alivyozoea kuwafanyia akina baba wodini.

"Usisimame juu," akasema. "Simama hapa. Haipo."

Nikatazama kioo. Tela lilikuwepo. Kamba ilikuwepo, inaburuzwa. Pazia moja lilikuwepo. Barabara ilikuwa nyeupe, ndefu, tupu, na mwisho wake kuna gari linaniwashia taa.

Tuliikuta mita mia tatu nyuma, chini ya tuta, ndani ya shamba la kabichi. Ilikuwa imeteleza na kulala ubavu kwenye mfereji wa maji. Haikumgusa mtu, namshukuru Mungu, maana katika kushuka kwa miguu nilikuwa na wakati wa kuwaza yote ambayo ingeweza kumkuta mtu. Mwenye shamba, mama mmoja na jembe lake, alikuwa ameisimamia. Aliuliza kama ni yetu au alime kwa kuizunguka.

Kioo cha upande wa kulia, hakuna. Taa ya mbele, hakuna. Tanki limebonyea, shimo la ukubwa wa bakuli. Koki sikuifunga, na mafuta yote yamekwenda kwenye kabichi. Shangazi alichuchumaa akaipapasa kuanzia mbele hadi nyuma, polepole. Akasema imepona, ila imeumia.

Gari la taa likasimama juu ya tuta. Akashuka shemeji.

Mke wangu ndiye aliyemwomba. Alimpigia jana usiku, akamwambia atufuate kwa mbali na asijionyeshe, nisije nikaona nadharauliwa. Kwa hiyo yule niliyekuwa namkimbia kilomita sitini na nne alikuwa ananiambia simama.

Laiti angefoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye gari langu, akaingiza mkono chini ya kiti cha dereva kama mtu aliyeuweka mwenyewe, akatoa ule mfuko. Akauchana kwa meno.

Tuliipandisha kwenye pikapu yake, watu wanne, mama wa kabichi akiwa wa nne. Nilishika mahali nilipoambiwa nishike. Gurudumu la mbele akaliegemeza kwenye ukuta wa mbele. Mikanda miwili kwenye usukani, mbele na chini, akikaza mmoja kidogo, mwingine kidogo, mpaka springi zikabonyea. Miwili nyuma. Stendi akaikunja. Kisha akaitikisa, na pikapu nzima ikatikisika pamoja nayo.

Ilimchukua dakika tisa. Mafundo yangu kumi na saba yalinichukua jioni nzima.

Shangazi amehamia kwenye pikapu. Amesema si kwa ubaya, ni kwa ajili ya kichefuchefu. Mimi nitafuata na tela tupu, linarukaruka, linawatangazia walio nyuma yangu kwamba ninabeba kwa uangalifu.

Jumapili, tarehe 9 Agosti

Jana tulifika mzee amekwisha kulala. Mke alinipokea mlangoni. Alinitazama usoni, akatazama tela tupu, akatazama pikapu. Akasema chakula kiko mezani. Ukiishi na mtu miaka kumi na sita unajua "chakula kiko mezani" iko aina ngapi.

Sikulala. Alfajiri nikapata wazo ambalo lilionekana la busara. Mchora mabango hasafiri bila rangi. Nilikuwa na puti, msasa, na kopo la nyekundu. Jua lilipochomoza nilikuwa nimelijaza lile shimo la tanki, nimelisugua, nimelipaka. Nikarudi nyuma hatua tatu. Huwezi kujua. Mtu mwenye macho mawili mazima asingejua, seuze mzee mwenye nusu ya jicho.

Saa tatu mke na shemeji wakamtoa, wamemshika huku na huku. Amekonda. Koti lake la kazi linamning'inia kama liko kwenye msumari. Alisimama mbele ya pikipiki, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akachungulia. Sote tukangoja. Shangazi alikuwa kwenye kiti cha baraza na kikombe mkononi.

Mzee akasema, "Naona wekundu tu."

Akanyoosha mikono.

Hilo ndilo sikulifikiria. Mtu aliyekaa miaka ishirini na tisa akitia mkono gizani ndani ya ng'ombe ili ajue ndama amelalaje hahitaji jicho. Akaanza na usukani. Akafika mahali pa kioo, vidole vikasimama, vikaendelea. Akashuka kwenye taa, vikasimama, vikaendelea. Kisha akaweka kiganja chote juu ya tanki.

Akakitoa. Akakileta karibu na jicho lake. Kilikuwa chekundu mpaka kwenye mkono.

"Nani ameumia?" akauliza.

Mke aliziba mdomo kwa mkono. Mzee akageuza uso huku na huku akitafuta pumzi ya mtu, na niliona anaogopa, kweli anaogopa, akidhani kuna mtu anavuja damu hapo mbele yake na hatumwambii.

"Hakuna, Baba," nikasema. "Ni rangi. Nimepaka asubuhi. Ilianguka jana kwenye tela. Niliifunga vibaya."

Sijui kwa nini nilisema yote. Mdomo ulikwisha kufunguka.

Akauliza ilianguka wapi. Nikasema kwenye kabichi. Akauliza kama kabichi zilikuwa kubwa. Nikasema za kiasi. Akatikisa kichwa. Akasema yeye alianguka nayo mara kumi na moja katika kazi yake, na kwamba mara ya sita ilikuwa kwenye shamba la kabichi pia, na mwenye shamba alimfukuza kwa jembe. Akasema, "Uongo wako ndio umenitisha. Kuanguka si kitu."

Akafuta kiganja kwenye koti. Akaomba asikie sauti yake.

Tanki lilikuwa kavu. Shemeji akaleta kidumu cha mafuta kutoka kwenye pikapu, maana bila shaka anatembea na kidumu cha mafuta, akawasha kwa teke moja. Mzee akaweka mkono juu ya kiti. Alisimama hivyo, macho amefumba yote mawili, mpaka Shangazi akasema inatosha, presha.

Jioni nilimkuta mke jikoni anakosha sufuria. Nikamwambia samahani. Nikamwambia nilitaka kuleta pikipiki vizuri ili arudi nyumbani. Akaweka sufuria chini.

"Nirudi kwa sababu ya pikipiki?"

Nikasema nilidhani.

Akasema siku anaondoka aliniambia, tukiwa tumesimama kituoni, kwamba atarudi baba akishapasuliwa na kupona. Akasema alirudia kwenye simu mwezi Julai, mara mbili. Akauliza kama nakumbuka. Sikumbuki. Julai nilikuwa na lile wazo la kukodisha viti vya sherehe.

"Wewe husikii," akasema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayetaja rangi ya ukuta. "Nikisema kitu, wewe unaona tela."

Nilikausha sufuria. Nilikausha na ambazo hazikuwa zimeoshwa.

Jumanne, tarehe 11 Agosti

Hospitali. Benchi la mbao, ukuta wa kijani mpaka usawa wa kifua, mweupe kutoka hapo kwenda juu. Bango lao la WODI limeandikwa vibaya, O imelala. Sikusema.

Shemeji na mimi tulikaa benchi moja kwa saa nne. Saa ya tatu alikwenda kununua maji, akaleta chupa mbili. Nikataka kumwambia jambo. Nikamwambia mikanda yake ni mizuri. Akasema ni ya kawaida. Tukatazama ukuta.

Mzee ametoka amefungwa kitambaa. Daktari anasema tusubiri Alhamisi. Mke alilala kwenye bega langu kidogo, nadhani kwa sababu upande wa pili ulikuwa ukuta. Sikusogea. Mkono wote ukafa ganzi.

Alhamisi, tarehe 13 Agosti

Wamefungua kitambaa saa nne asubuhi. Mzee alipepesa. Akamtazama mke wangu muda mrefu, akamshika shavu. Akamtazama dada yake akasema mbona umekuwa mdogo. Akanitazama mimi. Akasema, "Umezeeka, mwanangu."

Anaona. Si kama zamani, lakini anaona.

Nyumbani alitaka kuketi barazani. Hakuitazama pikipiki kwanza. Alitazama tela langu, lililoegeshwa kando ya ukuta, kisha akasoma ubao wa nyuma polepole, herufi moja moja, midomo ikicheza. Alipomaliza akasema, "Mwandiko huu umenyooka."

Niliingia ndani nikajifungia chooni. Nilikaa humo mpaka mtu akabisha.

Kesho nageuza kurudi. Mke anabaki mpaka mzee azoee dawa zake za matone. Sikuuliza mpaka lini. Aliniambia mwenyewe, na safari hii nimeandika kwenye kiganja: siku nane, hivi.

Ijumaa, tarehe 21 Agosti

Mke amepiga simu asubuhi. Anarudi kesho. Basi linafika saa nane mchana. Akasema hataki kupokewa kituoni, hataki zawadi, hataki jambo la kushtukiza. Anataka jambo moja tu: akute mlango uko wazi na mimi nimo ndani. Akaniambia nirudie alichosema. Nikarudia, neno kwa neno. Akacheka kidogo. Sijasikia kicheko hicho tangu Juni. Nimefagia nyumba yote. Nimefua pazia lililobaki nikalirudisha dirishani, linatosha upande mmoja.

Nimekuwa na siku nyingi za kutafakari yaliyotokea, na nimeyaelewa. Kosa halikuwa kamba. Kosa lilikuwa upepo, ambao siku ile ulivuma kutoka kushoto, na uzito wa Shangazi, ambaye pia alikaa kushoto. Vitu viwili kushoto, pikipiki ikaenda kulia. Ni hesabu rahisi. Nimemweleza Cheche. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa miwani yake ya kuchomelea, akarudi kazini.

Mchana alikuja mfuga nyuki, jamaa wa yule mwenye mashine. Anahamisha mizinga minne kwenda shamba la dada yake, kilomita thelathini tu. Watu wa pikapu wote wamemkatalia. Akauliza kama naweza kesho. Akasema nyuki huhamishwa usiku wakiwa wamerudi wote, milango ya mizinga inazibwa kwa wavu, na kila mzinga unafungwa imara usitikisike. Nikamwambia usiku mimi sina taa za nyuma, lakini asubuhi nina nafasi.

Naondoka saa mbili. Saa nne nimefika. Saa sita nimerudi, nimeoga, nimekaa ndani, mlango uko wazi. Basi ni saa nane. Zinabaki saa mbili nzima za kumsubiri mke wangu.

Sitazibaziba mizinga, wadudu wanahitaji hewa. Na kufunga nimefikiria, naona hakuna haja. Mzinga hauna magurudumu. Utakwenda wapi?